Mkono Uliopumzika Siku ya Sabato

Sebuleni kwetu kuna picha ya babu yangu mzaa mama, Mzee Sefania. Amevaa koti zito, kidevu amekiinua, na mkono wa kulia ameuweka juu ya Biblia. Kila mgeni anayeingia hutikisa kichwa na kusema, "Huyu alikuwa mtu wa Mungu kweli." Kwa miaka mingi nimeitikia ndiyo, ndiyo, nikamimina chai, kwa sababu bibi alinikataza kusema lolote. Sasa bibi amelala, apumzike kwa amani, na mimi nimechoka kumimina chai. Leo nasema habari za ule mkono.

Babu alikuwa mtu wa milimani, juu ya Same, mwendo wa nusu siku kwa miguu ukiteremka na siku nzima ukipanda. Mambo haya yalitokea wakati wa Mwingereza, miaka michache baada ya Wapare kujaa Same na masufuria yao kugomea kodi ya mbiru. Kijijini alikuwa na vyeo viwili. Cha kwanza, alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato, tena wa mstari wa mbele, wale wanaokohoa kidogo mhubiri akikosea aya. Cha pili, na hiki ndicho alichokipenda kuliko hata koti lake, alikuwa mfunguaji wa ndiva.

Ndiva ni bwawa la mawe na udongo. Usiku maji ya mfereji huingia yakajaa, asubuhi hufunguliwa yakateremka mashambani kwa zamu. Tundu la kutolea maji linazibwa na gogo refu lililochongwa, wanaliita kizibo, limeshindiliwa na matope. Kuling'oa si kuvuta tu. Unalishika kwa mkono mmoja, unalizungusha kushoto, kulia, kushoto, mpaka linalegea, ndipo unavuta. Baba yake babu alilizungusha, na babu yake alilizungusha. Siku sita kwa juma babu alisimama pale juu akiwa na hadhi ya bwana shauri wa serikali, na watu wenye majembe wakamngojea. Siku ya Sabato ndiva ilibaki imefungwa na kila mtu akaenda kanisani.

Basi mwaka huo mkono wa kulia ukaanza kumuuma. Si mkono wote. Ulimuuma pale kwenye kifundo, upande wa kidole kidogo, mbele kidogo ya kile kijinundu cha mfupa. Mwanzoni alinyamaza. Halafu akashindwa kukamua nguo iliyolowa, akashindwa kuzungusha ufunguo wa kanisa, na akitaka kunyanyuka kitini kwa kujisukuma na viganja alipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. Bibi yangu Priska alimuuliza, "Baba Eliaichi, una nini?" Akajibu, "Ni uchovu wa utumishi."

Asubuhi moja alishika kizibo mbele ya watu, akazungusha kushoto, akazungusha kulia, akapiga ukelele akakiachia. Jirani yake Filemoni, ambaye amekitamani kizibo kile tangu utotoni, akasogea mbele kwa huruma nyingi mno. "Mzee, niachie nikusaidie kwa muda."

Babu aliijua hiyo kwa muda. Watu wengi wameng'olewa kazini kwa muda, na mpaka leo wamo ndani ya huo muda. "Sihitaji msaada," akasema. Akajaribu kwa mkono wa kushoto, kizibo hakikutikisika. Akakaa chini akajaribu kwa miguu. Watu wakaanza kutazama milima ya ng'ambo ili wasicheke. Ndipo akaomba kamba, akafunga ncha moja kwenye kizibo na nyingine kiunoni mwake, akashuka kwenye mfereji, akainama na kutembea kama ng'ombe wa kulimia.

Kizibo kilitoka chote kwa mkupuo. Babu akaenda kifudifudi, maji yakamfuata nyuma, yakampita, yakarudi kumchukua. Alisafiri na maji hatua kama sitini, akitoa amri njiani, na alipokwama ilikuwa katikati ya maharage ya Filemoni. Filemoni alisimulia jambo hilo mpaka uzeeni, na kila alipolisimulia umbali uliongezeka.

Wazee wa mfereji wakakaa kikao. Walimheshimu, lakini mashamba hayali heshima. Wakasema hivi: Filemoni ashike kizibo, na Mzee Sefania ajitibu. Mvua za vuli zikifika mkono haujapona, kizibo kihamie nyumba ya Filemoni moja kwa moja, yeye na wanawe. Babu alirudi nyumbani akalala mchana, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

Alianza na Dorkas mkandaji, mama mwenye vidole vya chuma. Dorkas akasema ni mshipa umepanda juu ya mwenzake. Akamkanda kwa mafuta ya mkia wa kondoo na majivu ya moto, jioni tatu mfululizo. Mshipa haukushuka. Kilichobadilika ni kwamba Sabato ile mbwa watano walimsindikiza babu kanisani na kulala mlangoni wakimsubiri kwa mapenzi.

Ikabaki zahanati, na hapo ndipo palipokuwa na shida. Dresa, yaani mganga msaidizi, wa zahanati ile alikuwa Gideoni, kijana mtulivu aliyesomea kazi yake Tanga, naye alikuwa mume wa Eliaichi, binti pekee wa babu. Yaani mkwe wake. Huyo Gideoni ndiye baba yangu, kwa hiyo nisameheni nikimpendelea. Kwetu mtu na mkwe wake hawazoeani. Wanasalimiana kwa mbali, wanaulizana habari za mifugo, basi. Kumvulia mkweo shati na kumpa mkono aukande ni jambo linalohitaji ujasiri, au maumivu makali sana. Babu alikwenda akakaa kwenye kiti cha mgonjwa akiwa ameupa uso ukuta, akaupitisha mkono nyuma ya mgongo kama mtu anayepokea rushwa.

"Shikamoo, baba," akasema Gideoni.

"Marahaba," babu akauambia ukuta. "Mbuzi hawajambo?"

"Hawajambo. Baba, hivyo sitaweza. Inabidi ugeuke."

Babu akageuka kidogo kidogo. Gideoni akamshika mkono kwa upole, akabonyeza mfupa mmoja mmoja kuanzia upande wa dole gumba. "Hapa?" Hapana. "Hapa?" Hapana. Akafika upande wa kidole kidogo, kwenye kale kashimo kalichopo baina ya kijinundu cha mfupa na mfupa mdogo wa kiganja, akabonyeza kwa ncha ya kidole.

"Yesu wangu!" akapiga kelele babu, na wagonjwa wawili waliokuwa kwenye foleni wakaenda zao.

Gideoni akamwambia alaze kiganja chini, akilaze juu, ajisukume kitini. Yote yaliuma pale pale. Akampinda mkono kuelekea kidole kidogo akauzungusha, kikasikika kitu kinagonga ndani, tik. "Baba, mfupa haujavunjika. Umewahi kula kifundo cha mbuzi? Kuna kile kitu cheupe kigumu kinachonepa, kati ya mfupa na mfupa. Na wewe unacho hapo. Kazi yake ni kushika hii mifupa miwili ya mkono isiachane unapozungusha kiganja. Chako kimechakaa, pengine kimechanika kidogo. Hiki hakichakai kwa siku moja. Ni kuzungusha, kuzungusha, kila siku. Mkono huu unaufanyisha kazi gani?"

"Kizibo."

"Na kingine?"

"Kufunua Biblia," akasema babu, akarudisha uso ukutani.

Gideoni akachonga vipande viwili vya mwanzi, akavisokotea pamba, akamfunga kuanzia kiganjani mpaka katikati ya mkono. Akamwambia kwa wiki tatu asiguse kizibo, asikamue, asizungushe chochote, na kila jioni apite zahanati aseme maumivu yakoje. Babu akakubali kila kitu kwa haraka, na hapo ndipo Gideoni alipaswa kushtuka, maana babu yangu hakuwahi kukubali kitu kwa haraka.

Sasa nifungue siri, kwa sababu bila hiyo mtakuwa gizani kama baba yangu alivyokuwa.

Babu alikuwa akinusa ugoro. Si mara moja moja. Alinusa kama watu wanavyopumua. Na Msabato, tena mzee wa kanisa, tumbaku kwake ni marufuku ya namna zote, ya kuvuta, ya kutafuna na ya kunusa. Yeye mwenyewe alikuwa amewatenga ushirika watu wawili kwa kosa hilo, na inasemekana siku ile alihubiri vizuri mno.

Ugoro wa kununua hakuutaka, alisema moyoni una mchanga. Kila mwezi aliteremka Same, akaenda kwenye duka la Mbaraka, mfanyabiashara Mwislamu mwenye adabu ambaye hamuulizi mteja maswali. Alinunua jani zima la tumbaku, akasema ni la kufukuzia utitiri wa kuku. Alinunua magadi, akasema ni ya kulainishia makande. Tazameni akili ya mtu huyu! Jani peke yake halina dhambi, ni dawa ya kuku. Magadi peke yake hayana dhambi, ni kiungo cha jikoni. Dhambi ilipatikana alfajiri tu, nyuma ya migomba, vilipokutana juu ya jiwe bapa. Pale alishika jiwe la kusagia kwa mkono wa kulia akasaga kwa kuzungusha kifundo, kushoto, kulia, kushoto, nusu saa nzima, mpaka unga ukawa laini wa kupeperuka. Kuku wetu walikuwa na utitiri kuliko kuku wote wa Upare, na makande yetu yalikuwa magumu kama kokoto, lakini hakuna aliyeuliza.

Basi kila alfajiri babu alifungua mwanzi wa Gideoni, akasaga, akajifunga tena kwa meno.

Kila jioni alipita zahanati. Gideoni alikuwa na daftari, akachora vijiti kulingana na maumivu, kijiti kimoja kwa maumivu madogo, vitano kwa makubwa. Wiki ya kwanza vijiti vilikuwa vinne, vitano, vinne. Ya pili vilevile. Gideoni alikosa usingizi. Alifungua kitabu chake cha tiba kilichotoka majani, akawaza labda ni jipu la ndani, labda ni baridi yabisi, labda ni yeye hajui kazi. Mama yangu alimwambia, "Baba yangu ni mkaidi hata mifupani." Yeye hakucheka. Mvua za vuli zilikuwa zimebakiza wiki kumi.

Mwisho wa wiki ya tatu alilitazama daftari kwa mbali, kama mtu anavyotazama shamba, akaona kitu. Jumapili hadi Ijumaa vijiti vilikuwa vinne au vitano. Jumamosi jioni vilikuwa viwili, na Jumamosi ya tatu kimoja. Kizibo babu hakukigusa kwa wiki tatu nzima, kilikuwa kwa Filemoni. Kwa nini basi mkono uendelee kuijua Sabato?

Babu alipoingia jioni ile, Gideoni alifunga mlango.

"Baba, naomba unisamehe kabla sijasema."

"Sema, mwanangu."

"Kuna kazi unaufanyisha huu mkono siku sita. Siku ya saba unaupumzisha."

Babu akalitazama daftari. Mfikirieni mahali alipobanwa. Kweli hakuwahi kusaga ugoro siku ya Sabato. Ijumaa jua likikaribia kuzama alikwisha kusaga wa siku mbili, kwa uaminifu mkubwa, akaosha jiwe. Akisema hakuna kazi, daftari linamsuta. Akisema siku zote ni sawa, basi anakiri kwamba anafanya kazi Sabato, na hilo kwake lilikuwa baya kuliko kufa. Kati ya dhambi mbili akachagua iliyokuwa ya kweli.

"Kuku wana utitiri," akaanza.

"Ndiyo, baba."

"Na makande ni magumu."

"Ndiyo, baba. Nimeyala."

Ndipo babu akainamisha kichwa akatoa kikopo mfukoni mwa lile koti, akakiweka mezani mbele ya mkwe wake. Machozi yakamtoka. Alisema afadhali angezama siku ile ndivani. Gideoni alikinusa kikopo kwa bahati mbaya, akapiga chafya kumi na moja, na kila moja babu aliitikia kwa unyonge, "Pole, mwanangu." Alipomaliza kupiga chafya akasema, "Mimi ni dresa, baba. Natibu kifundo. Mengine siyaandiki." Maneno hayo nampendea baba yangu mpaka leo.

Akamfunga upya, safari hii mwanzi ukapita kiwiko ili kiganja kisipate hata nafasi ya kugeuka. Wiki sita, kisha mazoezi. "Ukisaga tena hata mara moja," akamwambia, "kizibo mpelekee Filemoni mwenyewe, usisubiri mvua."

Wiki ya kwanza bila ugoro ilikuwa ya mateso, na si kwa babu peke yake. Aligombana na jogoo. Aligombana na Wimbo wa Kufungulia. Katikati ya sala ndefu alisema "Amina" kwa ukali mhubiri akakatiza. Bibi alimtazama, akamsogezea uji. Watu wakadhani ni maumivu ya mkono, wakamletea ndizi.

Wiki ya pili akatulia ghafla. Akawa mpole, akawa anaimba. Alimwambia Gideoni kwamba amepata nguvu kwa njia ya maombi, na Gideoni akaamini, kwa sababu kila jioni vijiti vilipungua: vitatu, viwili, viwili, kimoja. Ukweli ni kwamba asubuhi moja babu aliingiza mkono wa kushoto mfukoni akakuta kikopo kipya kimejaa. Ugoro wenyewe ulikuwa laini kuliko wake. Miaka thelathini ya ndoa yeye na bibi hawakuwahi kulitamka jambo hilo, na siku ile pia hawakulitamka. Alikula makande akasema, "Leo yamelainika," nayo hayakuwa yamelainika hata kidogo.

Wiki sita zikaisha, mwanzi ukafunguliwa, mkono ukatoka mwembamba na mweupe wa vumbi. Gideoni akampa mazoezi: kuminya bonge la udongo wa mfinyanzi, kugeuza kiganja polepole akiwa ameshika mwiko, kukamua kitambaa kidogo, kisha kikubwa. Wingu la kwanza la vuli lilipojikusanya juu ya kilele cha Shengena, babu alikwenda ndivani. Filemoni alisimama karibu, bado ana huruma nyingi. Babu akashika kizibo. Kushoto, kulia, kushoto. Kikalegea, kikatoka, maji yakaruka, na wanawake wakapiga vigelegele. Gideoni naye alicheka kwa furaha mpaka alipomwona mkwe wake mwingine. Bibi Priska alikuwa akishangilia kwa mkono wa kushoto tu. Wa kulia alikuwa ameuficha ndani ya kanga.

Kesho yake Gideoni alimwita zahanati. Akabonyeza kale kashimo upande wa kidole kidogo, na bibi, ambaye alizaa bila kulia, akauma kanga.

"Mama," akamuuliza, kwa kuwa lazima aulize, "mkono huu unaufanyisha kazi gani ya kuzungusha?"

"Kazi za nyumbani, mwanangu."

"Kila siku?"

"Isipokuwa Sabato."

Gideoni hakuandika. Alikwenda nje kutafuta mwanzi mwingine, akakaa huko zaidi ya muda unaohitajika kukata mwanzi.

Babu alipomwona bibi anarudi nyumbani amefungwa mpaka kiwikoni, alichukua mtungi. Akaweka kata ya nguo kichwani, akajitwika, akashika njia ya kisimani. Mzee wa kanisa, mfunguaji wa ndiva, na mtungi kichwani! Watu walitoka majumbani. Wakati wa kurudi maji yakimtiririka shingoni, akakutana na Filemoni njiani.

"Mzee, kulikoni? Mkono si umepona?"

"Wangu umepona. Unaouma ni wa Mama Eliaichi."

"Masikini. Umeumizwa na nini?"

Hapo babu angeweza kusema kuni. Angeweza kusema jembe, au makande, au uchovu wa utumishi. Uongo alikuwa nao tele, umekaushwa na kupangwa. Akasimama, mtungi ukiyumba, akasema kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde, "Na ugoro wangu. Nimenusa miaka thelathini. Mimi nilipofungwa mkono, alinisagia yeye."

Kwa neno hilo alivuliwa uzee wa kanisa miezi minane, na tumbaku aliiacha kweli, kwa shida na kelele. Kizibo hawakumnyang'anya, maana maji hayanusi. Lakini hayo yalikuja baadaye. Jioni ile habari zilikimbia kuliko yeye, zikafika nyumbani kabla ya mtungi, na bibi alikuwa mlangoni anamsubiri, amevimba kwa hasira.

"Baba Eliaichi! Wiki hizi zote nasaga gizani ili usiaibike. Mkono wangu umekufa kwa ajili hiyo. Na wewe unakwenda kulitangaza barabarani kwa Filemoni, tena Filemoni yule yule?"

Babu akautua mtungi. "Aliniuliza mkono wako umeumizwa na nini," akasema. "Wa kwangu nimeudanganyia watu wote, hata dresa. Wa kwako nilishindwa."

Bibi alimtazama. Alitaka kuendelea kugomba, alikuwa na maneno mengine ya wiki zote hizo. Badala yake akalia, na kabla hajamaliza kulia akaanza kucheka, akachungulia mtungini.

"Rudi kisimani," akamwambia. "Umemwaga nusu."